Mikia ya Maneno Iliyowafukuza Wakwe Zangu

Unyambwa, Singida

Kwa Mwalimu Happiness,
Darasa la Jioni la Kiingereza

Mwalimu mheshimiwa,

Natumaini u mzima. Mimi ni mwanafunzi wako Melkizedeki, mkulima wa alizeti, yule anayekaa karibu na mlango. Naandika kwa heshima zote kuomba darasa lako lifungwe.

Ulitufundisha kwamba neno la Kiingereza likiwekwa mkia, maana yake hugeuka kwa utaratibu: "-er" ni mtendaji, "-less" ni bila, "-ful" ni kujaa. Nikaamini. Jumamosi wakaja wageni kutoka Sekenke kumposa binti yangu Leah, wakiongozwa na Mzee Hosea, babu wa kijana. Alikuwepo pia Benson, mjomba wa kijana, aliyewahi kufanya kazi na Wazungu mgodini na anayependa ijulikane. Nikaona ndiyo siku ya kuonyesha elimu. Yaliyonipata ni haya:

1. Kufundisha ni "teach", mwalimu ni "teacher". Kupika ni "cook". Kwa hiyo nilisimama nikamtambulisha mke wangu Marietha kuwa ni "good cooker". Benson akawatafsiria wenzake kwamba nimesema mke wangu ni jiko zuri, lile la kupikia. Kisha akanigeukia: "Mkwe, jiko tumekuja kutafuta sisi. La kwako mbona unalinadi?" Marietha akarudi ndani na sinia la wali.

2. Ili kuokoa hali, nilimkabidhi Mzee Hosea jogoo wa zawadi. "Price" ni bei, basi nikasema jogoo huyu ni "priceless", yaani bure. Benson akaeleza kwamba hakuna fedha duniani inayoweza kumnunua. Wazee wakanong'onezana: kama jogoo tu yuko hivyo, mahari ya binti itakuwaje? Mzee Hosea akanirudishia jogoo kwa mikono miwili.

3. Hapa ndipo nilipoumia. Kamusi inasema "awe" ni heshima kubwa yenye woga ndani yake. Nani amejaa heshima hiyo kama si Mzee Hosea? Nikamwinamia, nikamwambia yeye ni "awful". Benson alikataa kutafsiri, mzee akamlazimisha. Aliposikia kuwa maana yake ni mtu mbaya kupita kiasi, aliomba fimbo yake, wakaondoka bila kula.

Tangu siku hiyo Leah analia na Marietha hanisemeshi. "Quiet" ni kimya, basi ukimya huu nadhani ndio "quietness", na nakiri mkia huo wa "-ness" umefanya kazi bila hitilafu.

Kwa hiyo naomba darasa lifungwe mpaka Kiingereza kikubali kufuata sheria zake chenyewe. Kinyaturu chetu hakijawahi kunifanyia hivi. Pia naomba uende Sekenke ukamtake radhi Mzee Hosea. Kwa Kiswahili.

Nisalimie wanafunzi wote, hasa Magdalena aliyeniazima kamusi. Mwambie nitairudisha hasira zikipoa. Mama yako naye mpe shikamoo yangu.

Wako, niliyeponzwa na masomo,
Melkizedeki

Nyongeza: Kabla sijaituma barua hii, Mzee Hosea amepiga simu. Kumbe Leah alishampigia akamweleza nilichokusudia. Mzee amesema tangu azaliwe hajaona mtu akijitesa kiasi kile ili amsifu, na kwamba huyo ndiye mkwe anayemtaka. Wanarudi Jumapili. Sharti lake ni moja tu: hotuba ya harusini niitoe kwa Kiingereza. Ombi la kufunga darasa nalifuta. Nitunzie dawati la mbele, maana nasikia mikia imekwisha na sasa mnaanza vichwa vya maneno.