Mfumo Unaokufa Nikiondoka

Jumatatu, 11 Novemba

Leo ndiyo leo! Haji Sadok, mwenye kinu cha mafuta ya zeituni, amekubali kuujaribu mfumo wangu. Nimeuita Zamu. Mkulima anakaa kwake, anabonyeza simu, anapewa zamu ya kukamua. Hakuna tena kulala juu ya magunia uwanjani. Nimejifundisha mwenyewe kila kitu, kwa video na kwa kukosea. Mama ameshaanza kuniita mhandisi mbele ya majirani.

Sharti la Haji ni moja. Mfumo utembee wenyewe hadi Jumamosi, bila kushikwa mkono. Ukiweza, nina kazi ya ofisini msimu mzima. Ukishindwa, ami yangu Habib ananisubiri shambani na ngazi. Kuchuma zeituni! Juu ya ngazi, na pembe za mbuzi vidoleni za kuchania matawi, kama jini. Mimi, ninayeogopa hata kupanda kiti.

Seva iko chumba cha nyuma. Anayeilinda ni Madam Naziha, mhasibu, na msimamizi wa kompyuta zote hapa. Nikamwomba mamlaka ya msimamizi. Akacheka mpaka miwani ikateremka. Eti mwanangu, mwaka juzi nilimpa kijana mmoja kama wewe, mwenye haraka kama wewe, akafuta mishahara ya watu. Utapata akaunti ya kawaida. Eti siku hizi kontena zinaendeshwa hata na asiye msimamizi, nikajisomee.

Kontena nazijua! Unaifunga programu na vikorokoro vyake vyote kwenye boksi moja, unaliwasha, basi. Nikaliwasha. Likagoma. Nilitaka mlango namba 80, ambao tovuti zote hupitia. Seva ikajibu: huna ruhusa. Kumbe milango ya namba ndogo ni ya wakubwa! Sisi wengine tunapitia uani. Nimechukua 8080. Nimekubali, lakini imeniuma.

Jioni mfumo ukawaka. Safi kabisa. Ukutani Madam amebandika sheria: anayeondoka azime taa, na atoke kwenye akaunti yake. Nimezima taa. Nimetoka kwenye akaunti. Mimi si mtu wa fujo.

Jumanne, 12 Novemba

Umekufa!

Jana wakati wa kula nilimwonyesha Mama kwenye simu. Ukurasa mweupe. Mama akasema umependeza, hauna makeke. Sikulala vizuri.

Asubuhi nikakimbia kinuni, nikaingia kwenye akaunti, nikauwasha. Ukatembea siku nzima, haukukohoa hata mara moja. Nikaondoka. Nikafika kwetu. Umekufa tena!

Kitu kinachokufa nikiondoka tu, kina mtu anayekiua nikiondoka tu. Hiyo ni akili ya kawaida. Na huyo mtu namjua. Wajdi! Mtoto wa dada yake Haji, mkuu wa mizani. Kabla yangu, yeye ndiye aliyekuwa akipaza sauti zamu ya nani. Madereva wanamletea sigara, wanamletea makrudh, vile vikeki vya tende vinavyochuruzika asali. Zamu zikihamia kwenye simu, nani atampelekea makrudh mtu wa mizani?

Halafu hana huruma. Leo mzee mmoja kaenda kula lablabi, mchuzi wa dengu, bila kuacha neno kwa mtu. Wajdi akayavuta magunia yake yote nje ya mstari. Mzee karudi, mdomo bado una pilipili, akaanza kulia. Wajdi akamwambia, baba, desturi unaijua: mwenye mali akiondoka kimya, mali yake nayo inaondoka mstarini. Ungeniachia neno tu, ningekutunzia.

Aliponiona akaniuliza, mhandisi, mgonjwa wako kaamkaje? Huku anatabasamu! Muuaji ndiye wa kwanza kuuliza hali ya marehemu.

Jumatano, 13 Novemba

Ushahidi!

Nimefungua folda ambako kontena inahifadhi data. Faili ni zangu, nimezitengeneza mimi. Lakini seva inasema mwenye nazo ni mtu namba 100998. Nani huyu? Nikajaribu kufuta faili moja. Huna ruhusa. Nyumbani kwangu! Mgeni kaingia, kavua viatu, na ananiuliza mimi ni nani!

Nikamkimbilia Madam Naziha, pumzi juu. Akasema punguza sauti, anahesabu. Kisha akanieleza. Eti ndani ya kontena mimi ni mfalme, na nina raia wangu, wana namba zao ndogo ndogo. Lakini mfalme huyo akitoka nje ya boksi, ni Ghazi tu. Na raia wake wakitoka nje, seva inawabandika namba kubwa ili wasigongane na watu halisi. Eti huyo 100998 ni mtu wangu mwenyewe.

Nikaitikia kwa kichwa kama nimeelewa. Mtu wangu, halafu ananinyima faili zangu? Hapana. Wajdi kamnunua.

Nikaongeza amri kwenye kontena: ikifa, ifufuke yenyewe. Na nikatega mtego. Nilichukua mashudu ya zeituni, yale makapi yanayobaki baada ya kukamua, nikayatandaza kizingitini mwa chumba cha seva. Atakayekanyaga ataacha alama. Nikatoka kwenye akaunti, nikazima taa, nikaruka kizingiti, nikaondoka.

Umekufa. Haukufufuka.

Alhamisi, 14 Novemba

Alama zipo! Tatizo ni nyingi. Kinu kizima kinanuka mashudu, kila kiatu kina mashudu, mpaka viatu vya Haji vya ngozi. Alama iliyo wazi kuliko zote ilikuwa ya kwangu. Inaonekana sikuruka vizuri.

Haji kanikuta nimepiga magoti napima nyayo kwa kijiti. Akauliza kama nimepoteza kitu. Nikasema nafanya uchunguzi. Akasema mfumo wangu umekuwa kama punda wa jirani yake, anatembea tu bwana wake akiwa pembeni. Eti Ghazi, mwanangu, mimi nilitaka punda anayejua njia.

Kesho baada ya sala ya Ijumaa anawakusanya wakulima uwanjani wajaribu. Kesho! Amempa Wajdi kazi ya kupanga viti. Wajdi!

Nina mpango mpya. Leo laptopu yangu naiacha ofisini, wazi, juu ya kabati, kamera inatazama mlango wa seva. Sheria ya ukutani nimeivunja, nimebaki ndani ya akaunti yangu ili nisiiguse tena laptopu na kuharibu shabaha ya kamera. Madam aliwahi kuondoka, hakuona.

Kutoka nyumbani natazama simu. Unatembea. Bado unatembea. Mama kalala. Unatembea!

Ijumaa, 15 Novemba

Umetembea mpaka asubuhi! Mara ya kwanza!

Nimeitazama video yote. Kaingia paka. Katoka paka. Hakuna Wajdi. Maana yake ni moja tu: aliiona kamera akaogopa. Nimemshinda bila kumgusa. Asubuhi nikapita mizanini nikimtazama kwa jicho la mtu anayejua. Akaniuliza kama kuna kitu kimeniingia jichoni.

Sasa ya mchana.

Nilikwenda msikitini moyo mweupe. Baada ya sala wakulima wakajaa uwanjani, Haji kavaa jebba, joho lake zuri, sahani za mkate na mafuta mapya zinazunguka. Haji akasema, haya, toeni simu. Wakatoa. Mzee mmoja akauliza kama mtu unatakiwa upulize. Ukurasa mweupe. Simu zote. Weupe mtupu!

Nikapanda juu ya gunia. Sijui ni nani aliyenipandisha. Nikamnyooshea Wajdi kidole, nikasema mbele ya kadamnasi kwamba huyu hapa ndiye muuaji, ameuua mfumo wakati sisi tunasali.

Wajdi akabaki na kipande cha mkate mdomoni. Haji ndiye aliyejibu. Akasema Wajdi alikuwa bega kwa bega naye msikitini, tangu hotuba hadi dua, na tena alisinzia, yeye mwenyewe alimfinya mara kadhaa. Watu wakacheka. Haji hakucheka. Akaniambia nishuke, hayo ni magunia ya watu. Akaniambia kesho nije nichukue vitu vyangu, nimsalimie ami yangu Habib.

Laptopu niliikuta imefungwa vizuri na kuwekwa mezani. Madam Naziha aliiona kabla ya kwenda kula, akanitoa kwenye akaunti, akaizima. Kaniachia na kikaratasi: sheria iko ukutani, mwanangu. Hilo halihusiani, lakini limeniudhi.

Jumamosi, 16 Novemba

Nimekwenda kuchukua vitu vyangu. Chaja na kikombe.

Madam Naziha akanikalisha. Akanimiminia chai. Akauliza, hivi mfumo unakufa lini hasa? Nikamwambia, nikiondoka. Akauliza, ukiondoka ukifanya nini? Nikamwambia nafanya adabu, natoka kwenye akaunti. Akashika kichwa.

Akasema, Ghazi, hukuyaona magunia ya yule mzee wa lablabi? Seva nayo ina desturi hiyo hiyo. Kontena zinatembea kwa jina lako, si kwa jina la msimamizi. Ukitoka kwenye akaunti, seva inasema mwenye mali kaondoka, inazivuta kontena zako zote nje. Hata ile amri ya kufufuka inaondoka nawe, itamfufua nani? Unatakiwa kuacha neno, kwamba watu wangu wabaki hata nikiondoka. Ni mstari mmoja. Hata mamlaka yangu huyahitaji, ungeuandika mwenyewe siku ya kwanza.

Nikamwambia desturi ya magunia naijua vizuri, ila hiyo ni ya zeituni. Akaniambia niingie kwenye akaunti, niuwashe mfumo. Akavuta kibodi akaandika mstari mmoja. Akaniambia nitoke kwenye akaunti. Nikatoka, nimefumba macho.

Ukabaki hai.

Akaenda kwa Haji kuniombea. Nikiwa nyuma ya mlango nikamsikia akisema kijana ana bidii, ni kichwa tu kinakimbia mbele ya miguu. Haji kakubali: hadi Jumatatu, na nimwombe Wajdi radhi. Nimemwomba. Akasema hana kinyongo, akanipa makrudh. Nimeila kwa tahadhari.

Jumatatu, 18 Novemba

Umetembea! Jumamosi, Jumapili, hadi leo asubuhi! Wakulima wanachukua zamu wakiwa vitandani. Yule mzee aliyetaka kupuliza kachukua zamu mbili, ya pili kwa raha tu.

Nikaingia ofisini kwa Haji, shati limepigwa pasi, nikaomba anionyeshe meza yangu.

Haji kanikumbatia. Akasema hakuamini, sasa anaamini, punda anajua njia. Kisha akauliza: kama unatembea wenyewe, bila kushikwa na mtu, wewe nikuajiri ushike nini?

Nikamwambia, meza.

Akasema kukitokea jambo Madam Naziha yupo. Akaunti yangu itabaki, kwa sababu mfumo umekaa kwenye jina langu. Ami Habib alishapigiwa simu. Wajdi kanibebea kikombe hadi getini, eti tutakukumbuka, mhandisi, siku zetu zilikuwa na sinema.

Mama anauliza meza yangu iko karibu na dirisha au la. Nimemwambia nitakuwa juu, naona mbali.

Jumatano, 20 Novemba

Naandika nikiwa kwenye ngazi. Ami Habib anadhani nachania tawi.

Huku juu mtu anafikiri vizuri, hewa ni safi. Na leo nimeelewa yote. Yote! Tulikuwa tunamtazama mtu mbaya. Siku zile zote mfumo unakufa, tena unakufa, mimi nahangaika. Anakuja Madam Naziha, anaandika mstari mmoja, unapona. Mstari mmoja! Nani anajua dawa haraka hivyo, kama si yeye aliyetia sumu? Na laptopu aliizima nani? Nimekuwa kipofu. Wajdi, ndugu yangu, nisamehe.

Lakini safari hii sisemi ovyo. Safari hii ni ushahidi wa kisayansi. Nimeingia kwenye akaunti kwa simu, nikaufuta ule mstari wake. Sasa mfumo hauna kitu chake hata kimoja. Kama hana hatia, utaendelea kutembea. Halafu nikatoka kwenye akaunti, vizuri, kwa adabu, mtu asije akasema ni mimi.

Nimesubiri kidogo. Nimefungua ukurasa.

Mweupe!

Nilijua! Ndani ya dakika moja! Sijui kaonaje haraka hivyo, mwanamke yule ana macho kila mahali, lakini nimemkamata!

Ami Habib anapiga kelele huko chini. Dereva wake kampigia, lori letu liko getini kinuni na zamu yetu haionekani popote, na wakulima wote uwanjani wamemzunguka Wajdi kama nyuki. Nimemwambia ami avumilie, haki haiji bila hasara. Kwanza aishike ngazi. Naitafuta namba ya Haji, na nimeachia mikono yote miwili.