Nyoka Wangu, Spika Zako na Jumamosi

Fortunata Adolfu,
Chumba cha nyuma, karibu na stoo ya mahindi,
Chanji, Sumbawanga.

Kumb. Na. 1 (sijawahi kuandika nyingine)
Alhamisi, mwezi wa saba

Kwa Baba Mdogo Felisian,
Mmiliki wa Muziki wa Kukodisha,
Chumba cha mbele, nyumba hiyo hiyo.

YAH: MADHARA YA MUZIKI MZITO KWA NYOKA WANGU

Shikamoo Baba Mdogo.

Naomba uhusike na kichwa cha barua hapo juu, hata kama kimekushtua. Najua tunaishi nyumba moja na asubuhi hii nimekuletea chai. Nilikuwa nimepanga kukueleza wakati ule. Nikafungua mdomo, nikasema sukari iko pembeni.

Kwanza nikiri. Nina nyoka. Tafadhali usiinuke. Anakaa kwenye boksi la sabuni chini ya kitanda changu tangu mwezi wa nne, nilipomkuta stoo amejiviringisha juu ya gunia la mahindi aliyotuletea baba kutoka kijijini. Ni wa kahawia, mwembamba, urefu wake ni kama mkanda wako wa Jumapili, hana sumu, na kazi yake ni kula panya. Nimempa jina Katibu kwa sababu anahudhuria kila kitu na hasemi. Sikukwambia mapema kwa kuwa unajua mji wetu unavyosemwa kwa uchawi. Mtu wa Arusha akifuga nyoka anaitwa mpenda wanyama. Mtu wa Sumbawanga akifuga nyoka, hata awe mwanafunzi wa kidato cha tatu mwenye rozari shingoni, ataulizwa ungo wake anauegesha wapi.

Naomba pia ieleweke kwamba barua hii haihusiani hata kidogo na Jumamosi. Kwamba Ezekiel, mshereheshaji wako, amekwenda Mbeya kumuuguza mama yake. Kwamba juzi mezani ulitangaza kuwa mimi ndiye nitakayeshika maiki kwenye sherehe ya kumuaga bibi harusi Janeth, binti wa Mzee Andwele, kule Kizwite, mbele ya watu mia tatu, eti kwa kuwa nasoma kwa Kiingereza na kuna wageni wanatoka Zambia. Kwamba mliningoja niseme neno, mimi nikautazama ugali, nanyi mkahesabu nimekubali. Hayo yote ni mambo mengine kabisa. Nayataja ili yasije yakachanganywa.

Malalamiko yenyewe ni haya:

1. Kusikia. Biolojia tunafundishwa kwa Kiingereza, kwa hiyo jambo hili lilinichukua wiki nzima kulielewa na siku mbili kuliamini. Nyoka hana sikio la nje. Mlio mzito humfikia kupitia ardhini, ukapanda kwenye taya, ukaingia kichwani. Masalu, fundi wako, anapojaribu ile spika kubwa kila alasiri, sisi wenye masikio tunasikia wimbo. Katibu anasikia tetemeko la ardhi lenye kiitikio.

2. Chakula. Tangu juzi, baada tu ya chakula cha usiku, hajala kitu. Nimemletea panya mzima kutoka kwenye mtego wa stoo. Alimtazama kama mtu anayetazama karatasi ya mtihani wa Hisabati.

3. Kujificha. Mgeni akiingia uani, anajikunja pembeni na kujifanya kamba. Jana Mama Suma, jirani yetu mwenye duka, alipokuja na kuuliza kwa sauti yake ile kama ni kweli kuna mshereheshaji mpya humu ndani, Katibu alikaa chini ya kitanda dakika arobaini. Nina hakika ni arobaini. Tulikuwa wote.

4. Ngozi. Wakati wake wa kujivua umefika, lakini ngozi ya zamani imemkwama shingoni. Anataka kutoka ndani ya ngozi yake na hawezi. Kitabu kinasema hali hiyo humsumbua sana mnyama. Kuna watu tunaishi nayo mwaka wa kumi na sita huu.

5. Hoja ya kisayansi, ambayo naomba uisome polepole. Nikisimama mbele ya watu sauti yangu hutetemeka. Kutetemeka ni mtetemo. Maiki huukuza mtetemo. Watu mia tatu wakiusikia watacheka, wakicheka watapiga miguu chini, na ardhi ya Kizwite na ya Chanji ni moja, haina uzio. Kwa hiyo mimi nikishika maiki Kizwite, Katibu atakufa Chanji. Sijui kama nimeruka hatua yoyote.

Kama unahitaji ushahidi, kumbuka Jumapili ya pili ya Kwaresima. Nilipangiwa kusoma somo la pili. Nikafika mbele, nikaishusha maiki, nikatazama watu, nikasema "Neno la Bwana." Kanisa zima likajibu "Tumshukuru Mungu," kama ilivyo desturi somo likiisha, nami nikarudi kukaa. Somo lenyewe halijasomwa mpaka leo. Padre aliendelea na Injili kwa huruma. Mzee Valerian alimwambia Mama Mdogo nje kwamba ndilo somo alilolielewa vizuri kuliko yote mwaka huu. Shuleni tangu siku ile naitwa Tumshukuru.

6. Hivyo naomba spika zote zining'inizwe kwenye miti zisiguse ardhi. Ikishindikana, wageni wa Mzee Andwele wagawiwe karatasi zenye maneno ya nyimbo, kila mmoja acheze kimoyomoyo. Ikishindikana na hilo, basi lifanyike dogo ambalo kwa bahati tu ndilo rahisi kuliko yote: atafutwe mshereheshaji mwingine. Bundala wa kidato cha nne anaongea hata akiwa amelala.

Nakutakia kazi njema. Wasalimie wote wa chumba cha mbele, na sebuleni, na jikoni. Wa chumba cha nyuma nitawasalimia mwenyewe, maana ni Katibu peke yake.

Ni mimi mwanao, msemaji kwa maandishi tu,
Fortunata

Nakala: Mama Mdogo Rozina (asome akiwa amekaa).

Nyongeza, saa kumi na moja jioni:

Baba Mdogo, kabla sijaifunga bahasha hoja zimeharibika. Nilikwenda kumchukua Katibu nimwambatanishe kama kielelezo. Boksi tupu. Nikatafuta stoo, nikatafuta chini ya vitanda vyote, nikatoka uani. Masalu alikuwa amefungulia spika mbili mpaka mabati ya choo yanaitikia, na ile kubwa ameifungua mgongo anatafuta waya uliokatika. Anapapasa kwa mkono huku anaangalia barabarani. Ndani, juu ya sumaku, mahali penye joto kuliko pote katika baridi yetu hii, niliona mkia.

Nilimwita Masalu. Nikamwita tena. Sauti yangu unaijua. Mkono wake wa pili ulikuwa na bisibisi ndefu, na Masalu huwa hamuulizi nyoka jina. Juu ya kiti palikuwa na maiki, imewashwa.

Nilisema hivi: "Masalu, toa mkono. Humo ndani kuna nyoka. Usimpige, ni wangu, hana sumu."

Masalu akazima muziki. Mtaa ukawa kimya, kwa hiyo yaliyofuata walisikia wote. Aliniuliza sasa afanyeje, nami nikamwelekeza hatua moja baada ya nyingine, nikiwa nimesahau kuiweka chini ile maiki. Watu wakajaa ukutani. Nikawaomba watoto wasogee nyuma, nikawashukuru wakubwa kwa utulivu wao, kisha, sijui kwa nini, nikayarudia yote kwa Kiingereza. Masalu anasema namfunika Ezekiel mbali. Mama Suma amefunga madirisha.

Katibu ni mzima. Ngozi imetoka yote, imebaki imening'inia kwenye waya, na panya aliyekuwa anakutafunia nyaya sasa ni uvimbe katikati ya tumbo lake. Muziki haujamfanya chochote. Kwa hiyo namba mbili, tatu na nne zisomwe upya, na kila palipoandikwa Katibu liwekwe jina langu.

Namba tano naiondoa.

Naomba tu kujua Jumamosi nivae nini.