Sauti ya Baba Mkubwa, Nakala Safi

Jumatatu, 3 Machi
Nimenunua kinasa sauti. Cha mkononi, kama kipande cha sabuni, chenye tundu la waya na kitufe chekundu. Mke wangu kauliza kama kinaliwa.

Kimefika kwa wakati wake. Baba mkubwa katutoka jana. Alipokuwa bado na pumzi alijirekodi kwenye kanda ya kaseti, maneno ya kuwaaga watu, yachezwe makaburini. Kanda ni hiyo moja duniani. Redio kaseti yenyewe inakohoa, haifai kubebwa. Shemeji, mume wa dada yangu, kajitolea kuinakili kwa simu. Kwa simu! Nikamwahi. Nikasema mimi nitaivuta sauti kwa waya, moja kwa moja, bila kelele za kuku. Mama mkubwa, mjane wake, kanikabidhi kanda kwa mikono miwili. Shemeji kanuna. Siku njema, ukiacha msiba.

Jumanne, 4 Machi
Jaribio la kwanza. Waya kutoka redio kaseti hadi kinasa. Kipande tu cha mwanzo, kupima. Nikasikiliza. Marehemu ananguruma kama bati linaloburutwa juu ya lami!

Nani katokea mlangoni? Shemeji. Kasema sauti ya waya ina nguvu, nami nimeipitisha mlango wa maikrofoni, uliozoea minong'ono. Kuna swichi ubavuni: isogeze kwenye laini, yaani upande wa waya, punguza sauti, taa zibaki kijani. Na usisahau kusikiliza ukimaliza. Nikamwambia nilikuwa najua. Sikuwa najua.

Jumatano, 5 Machi
Jaribio la pili. Swichi kwenye laini. Redio kaseti ina kitufe chekundu, kinasa nacho kina chake. Nikabonyeza vyote viwili, usalama kwanza. Nikasema maneno machache ya kupima. Taa kijani mpaka kanda ikaisha. Sikusikiliza. Ushauri wa shemeji nimeshaufuata wa kutosha.

Alhamisi, 6 Machi
Mazishi. Watu wamevua kofia. Nikachomeka kinasa kwenye spika kubwa, mimi mwenyewe. Sauti ikatoka safi ajabu.

Yangu.

Moja, mbili. Moja, mbili. Leo shemeji atanijua mimi ni nani. Kikohozi. Mke wangu akiita chakula tayari, nami nikijibu asubiri, niko na marehemu. Kisha kimya kirefu.

Nikatuma watu mbio wakalete redio kaseti na kanda yenyewe. Moja, mbili. Nilikuwa nimerekodi juu ya baba mkubwa!

Ikabaki ile ngurumo ya Jumanne, ndani ya kinasa. Nikaicheza. Watoto wakalia. Lakini humo ndani lilisikika jina la mama mkubwa, na baada yake neno moja, nisamehe au nisubiri, hakuna aliyejua. Kisha ikakatika. Wazee wakaniamuru nizime.

"Acha," mama mkubwa akasema. "Ndiye huyo. Rudia."

Nikarudia mpaka betri ikafa. Ndipo wakamshusha marehemu kaburini.

Ijumaa, 7 Machi
Mama mkubwa kakichukua kinasa, kakifunga kwenye pindo la nguo yake. Nimeuliza nitarudishiwa lini. Dada yangu kanifukuza uani. Shemeji kanisindikiza hadi barabarani, kaniambia pole, nikapumzike. Upole wa hila! Anaitaka kazi yangu.

Jumapili, 9 Machi
Nimetafakari sana. Kosa nimeliona: kinasa kilikuwa kidogo mno. Nimeazima kikubwa, chenye taa nyingi zaidi.

Jirani aliyefiwa na mkewe anayo kanda ya marehemu akimbembeleza mtoto. Moja tu. Alikuwa njiani kuipeleka kwa shemeji. Nimemwahi kwenye ngazi za nyumba yake, nikamwapia mbele ya watu kuwa nitainakili safi. Kanda iko hapa mezani. Naanza sasa hivi.