Kamwene ya Ruta za Ubaruku

Kwa furaha kubwa, ofisi yetu ya mifereji hapa Ubaruku inautangazia umma kuwa ruta zetu sasa zina adabu. Ruta ni kile kiboksi cha taa za kijani kinachoamua ujumbe upite njia gani. Kwa mujibu wa Mwongozo Namba 7, ruta ikiambiwa njia na jirani yake, sharti imrudishie jirani huyo habari hiyohiyo. Muhuri niliupiga mimi mwenyewe, Afisa Utangazaji wa Njia Daraja la Pili.

Fundi wetu, Happy, alipinga. "Mzee, ruta ya Madibira imejifunza kwetu njia ya kwenda Iringa. Ikiturudishia, siku laini yetu ikikatika tutadhani wenzetu wana njia yao."

Mkurugenzi Sosthenes Kalinga, Mhehe wa kweli, alimshangaa. "We binti, mtu akikusalimia kamwene, unanyamaza bila kumrudishia?"

Tulipiga makofi. Hoja ilikuwa nzito.

Jumatatu katapila likakata laini ya Iringa. Hatukutetereka. Ruta ya Madibira ilikuwa imeshatutangazia kuwa njia ya Iringa inaijua, basi ruta yetu ikaipelekea ujumbe wote. Ile ya Madibira, ikijua njia ni sisi, ikaturudishia. Ujumbe ukichoka kuzungushwa, mashine inautuma upya. Takwimu zetu za usafirishaji zilipanda mpaka tukaagiza keki.

Jumatano akaja Mama Eveline, mkulima wa mpunga. Lango la mfereji wake hufunguliwa kwa kibali cha Iringa tu, na miche yake ilishaanza kunyauka.

"Baba, ombi langu liko wapi?"

"Liko njiani, mama. Linatembea vizuri sana."

"Tangu Jumatatu? Basi nipe karatasi niipeleke mwenyewe."

Nilimsomea Mwongozo uleule Namba 7, uliosainiwa na Mkurugenzi: ombi la mkononi ni batili. Nilimwonea huruma, kusema kweli, ila huruma haina fomu. Akakaa kwenye benchi, akalia kimyakimya.

Ijumaa ndipo Mkurugenzi alipotuma ombi lake la kuongezewa mkataba. Mwisho ulikuwa saa sita mchana. Saa tano na nusu akapiga simu Iringa.

"Halijafika? Basi nawasha gari, nalileta kwa mkono!"

"La mkononi ni batili, bosi," karani wa huko akajibu kwa heshima. "Mwongozo wako, Namba 7."

Mkurugenzi akatoka mbio. "Happy! Zinyamazishe hizo ruta!"

"Mzee, na kamwene je?"

"Achana na kamwene!"

Happy akaandika mstari mmoja: usimrudishie jirani alichokufundisha. Ule uzushi wa njia ya Madibira ukafa, na ruta zikaikumbuka njia ndefu ya kupitia Igowole, ambayo ilikuwepo wiki nzima. Maombi yakaanza kutoka kwa foleni, lililotangulia kwanza. La Mama Eveline lilifika saa sita kasoro kumi. Yalifuata ya wakulima mia mbili. La Mkurugenzi lilifika saa sita na dakika nne.

Jumatatu iliyofuata Mama Eveline alikuja kutushukuru, matope magotini, anacheka. Akamkuta Mkurugenzi kwenye benchi lilelile alilolilia yeye, kashika nakala ya rufaa, maana ombi lake lilikataliwa kwa kuchelewa.

"Kamwene, baba. Na wewe ombi lako liko wapi?"

Mkurugenzi hakuitikia. Nilimjibia mimi, kama taratibu zinavyotaka: liko njiani, linatembea vizuri sana.

"Basi sogea kidogo," akasema Mama Eveline, akatoa kiporo cha wali. "Benchi hili nalijua. Linataka mtu aliyeshiba."