Hotuba Imefika, Waraka Bado

Rubeni Andongwisye,
Mzee wa Kanisa na Mkulima wa Kahawa,
Ihanda, Mbozi.
4 Mei, 2009

Kwa Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Uliyehutubia Tunduma Septemba mwaka jana.

Mheshimiwa,

YAH: KUMWOZA BINTI YANGU KATIKATI YA BARABARA KWA SABABU YA HOTUBA YAKO

Pokea kwanza heshima zangu, za familia yangu, na za kwaya nzima, ambayo bado inakukumbuka. Niwie radhi kwa kutokutaja kwa jina. Mshereheshaji alilitangaza mara mbili, na mara zote mbili lori likapiga honi. Nimeandika "Mgeni Rasmi" nikiamini kuwa watu wa posta wanakufahamu.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Kuhusu kukuamini. Siku ile nilikuja Tunduma kutafuta mabati, maana upepo ulikuwa umeezua paa la kanisa letu. Nilisimama kwenye mkutano wako kwa sababu jua lilikuwa kali na ninyi mlikuwa na turubai. Ukasema sisi na jirani zetu ni ndugu wa tumbo moja, soko letu ni moja, na mpaka umebaki kwenye ramani tu. Wenzangu walipiga makofi, wakarudi kwenye shughuli zao. Mimi niliibeba hotuba yako hadi Ihanda kama mtu aliyegawiwa mbegu.

Ilinigusa kwa sababu binti yangu Sekela, anayeshona nguo Tunduma, alikuwa amechumbiwa na Kasiani, fundi redio wa Nakonde, ng'ambo ya pili. Usidhani ni mbali. Sekela akikohoa kwenye cherehani yake, Kasiani anasema pole kule Zambia. Na kwa kuwa kanisa letu lilikuwa halina paa, wazee wa pande zote mbili tulikubaliana ndoa ifungwe kanisani kwao.

Hapa inabidi nikueleze jambo, maana wewe ni mgeni. Watu wa Tunduma hawavuki mpaka, wanapita tu. Mama aliyeishiwa chumvi hupita nyuma ya nyumba, akanunua ng'ambo, akarudi mboga haijaungua. Mke wangu Tabita alishauri tupite huko huko, wawili wawili, na nguo za kawaida, shela ndani ya kikapu. Nilikataa. Nilimwambia Sekela haibiwi, anaolewa, na kama Mheshimiwa ametufungulia mlango wa mbele, kupita uani ni kumdharau. Tabita akaenda kupiga pasi shela.

2. Kuhusu kizuizi. Jumamosi ya harusi tulifika mpakani tukiwa basi zima, tunaimba. Kizuizi kilikuwa chini. Nilishuka nikiwa na suti na ua la karatasi kifuani, nikamweleza afisa kwamba sisi ndio wale ndugu wa tumbo moja. Alikuwa kijana mstaarabu. Aliniuliza hati ya basi ya kuvuka, na hati za kusafiria za abiria, kuanzia dereva hadi mpiga ngoma. Nikamkariria hotuba yako, Mheshimiwa, karibu yote, pamoja na ule utani ulioanza nao. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Mzee," akasema, "hotuba tuliisikia wote. Waraka haujafika."

Nilimwuliza waraka unatoka wapi. Akanieleza kwamba unatoka kule kule ilikotoka hotuba, isipokuwa hotuba hupanda gari na waraka hutembea kwa miguu.

3. Kuhusu jogoo. Tulikuwa na jogoo wawili wa kumpelekea mkwe. Wakatakiwa kuonyesha cheti cha afya. Nikasema hawa wana afya, ndiyo maana tunawatoa. Wangekuwa wagonjwa tungewala wenyewe. Hoja hiyo haikuandikwa popote. Kinanda cha kwaya nacho kiliulizwa kama kinakwenda kuuzwa au kitarudi, na wanakwaya wakaulizwa kama wanakwenda kufanya kazi ya muziki bila kibali. Mwimbaji mmoja wa sauti ya tatu akajibu kwamba kwa jinsi wanavyoimba hakuna atakayeiita kazi. Nilimkanya baadaye.

4. Kuhusu wakwe. Wakati sisi tumekwama upande wetu, tuliwaona wenzetu wamekwama upande wao. Baba yake Kasiani, Mzee Silwamba, alikuwa amekisikia kipaza sauti chako akiwa ng'ambo siku ile ile ya mkutano, maana sauti haina hati ya kusafiria. Naye aliamini. Naye alikataa kupita uani. Alikuja na ukoo wake na mchungaji wao mlango wa mbele, akaambiwa wote waonyeshe kadi za chanjo ya homa ya manjano. Afisa wa kwao alisema "mukwai", neno lao la heshima, kila baada ya maneno matatu, kwa hiyo walizuiwa kwa adabu kubwa kuliko sisi.

Basi ikawa hivi, Mheshimiwa. Huku kizuizi na bibi harusi, kule kizuizi na bwana harusi, na katikati kipande cha barabara kisichokuwa cha mtu, kimejaa malori. Jua likapanda. Keki ikaanza kuinama. Sekela hakulia. Alikaa kwenye ngazi ya basi, akavua viatu, akasema kwa sauti ya chini, "Baba, mimi leo sirudi Ihanda bila mume." Nilioza mabinti wawili kabla yake na sikuwahi kusikia sauti ile. Hapo ndipo nilipoona kwamba nimemweka mtoto wangu juani kwa ajili ya maneno ya mtu nisiyemjua jina.

Nilirudi kwa afisa. Safari hii sikukukariri. Nilimwuliza tu kama yeye ana binti. Akasema anaye, bado ananyonya. Akatazama malori, akatazama shela, akaenda kuongea na mwenzake wa ng'ambo. Waliporudi wakatuambia kwamba kuvuka hairuhusiwi, ila kusalimiana katikati hakujakatazwa na sheria yoyote wanayoifahamu. Wakaruhusu maharusi, wazazi na mchungaji. Wengine wabaki kwenye vizuizi vyao na wanyamaze.

Hivyo ndivyo binti yangu alivyoolewa, Mheshimiwa: kwa kusalimiana. Mchungaji alisimama kwenye kivuli cha lori lililobeba shaba, la dereva mmoja wa Tanga aitwaye Uledi, aliyekuwa kwenye foleni tangu juzi yake. Uledi alizima injini, akausogeza kando mkeka wake wa kuswalia, akatukunjulia turubai lake dogo ili maharusi wapige magoti wasichafuke. Kwaya yetu ikaimbia kwenye kizuizi chetu, ya kwao ikaitikia kwenye kizuizi chao, kila moja kwa lugha yake na kwa ufunguo wake. Mchungaji alipouliza kama kuna mwenye pingamizi, madereva wa nyuma walipiga honi, lakini tulipeleleza tukakuta walitaka foleni isogee.

5. Kuhusu bibi. Mama yangu mzazi, Bibi Alinanuswe, ndiye aliyemlea Sekela. Hakuwa kwenye orodha ya wanaosalimiana. Alikaa kwenye basi akingoja aitwe, na alipoona pete zimeshavaliwa akashuka, akaelekea kwenye kizuizi na kupita chini yake. Hakuinama. Umri ulikwisha kumwinamisha.

Afisa alimkimbilia akamwuliza, "Bibi, unakwenda wapi?"

"Kutema mate," akasema, bila kusimama.

Kwetu, Mheshimiwa, mkubwa hubariki kwa maji au kwa mate, na mtoto aliyelelewa na bibi hawezi kwenda kwa mume akiwa mkavu. Lakini kwenye karatasi ya afisa, penye madhumuni ya safari, palikuwa na biashara, matembezi, masomo na matibabu. Alipokuwa bado anatafuta mahali pa kuandika, mama alikwisha kufika. Akamshika Sekela kichwa, akamtemea, akamgeukia Kasiani, akamtemea na yeye, na kwa kuwa afisa alikuwa amemfuata karibu sana, akapata fungu lake. Kisha akamwambia Sekela kwa Kinamwanga, lugha ya kwao aliyozaliwa nayo pale pale Tunduma, kwamba dada mkubwa wa yeye bibi amezikwa ng'ambo ile na yeye hakumzika, kwa sababu mwaka ule mlango ulikuwa umefungwa, kwa hiyo akifika amsalimie kaburini kabla hajawasha jiko. Nilitafsiri kwa mchungaji. 

Kisha Sekela akatakiwa kuchagua kizuizi. Kwa kuwa ndiye peke yake aliyekuwa na hati, aliyoikata mwenyewe kimya kimya bila kuningoja mimi wala wewe, alivuka na mumewe. Sisi tuliobaki tulikula keki kwenye basi. Jogoo tuliwarudisha Ihanda, na mmoja wao amekuwa na kiburi tangu siku hiyo.

6. Kuhusu cheti. Penye mahali pa kufungia ndoa mchungaji aliandika "Njiani", kwa kuwa ni mkweli. Nilikwenda kuuliza ofisi moja ya huku, wakasema Njiani haiko katika wilaya yao. Kasiani akauliza kwao, wakasema hata kwao haiko. Binti yangu ni mke halali wa mtu katika nchi yenye urefu wa malori manne. Sasa ana mimba, na mzee mwenzangu wa kanisa ameniuliza mbele ya watu kama mjukuu wangu atakuwa raia au mzigo unaopita.

Kwa hayo yote, Mheshimiwa, naomba yafuatayo.

Kwanza, vizuizi vyote viwili ving'olewe mara moja, na yale mabomba yake tupewe sisi wa Ihanda tutengenezee kenchi za paa la kanisa, maana nimeyatazama kwa muda mrefu na ni imara.

Pili, kama hilo ni zito, basi Njiani itangazwe kuwa nchi kamili na ikaribishwe kwenye jumuiya zenu. Wimbo wa taifa upo, kwaya mbili zinaujua, ingawa kwa ufunguo tofauti. Uledi awe Waziri wa Uchukuzi, kwa sababu hakuna anayekaa kule muda mrefu kumzidi. Uraia utolewe na mama yangu kwa utaratibu wake wa kawaida.

Tatu, kama hata hilo haliwezekani, basi siku nyingine waraka ndio upande gari, na Mgeni Rasmi aje kwa miguu.

Sikuandika haya kwa hasira. Nimeoza vizuri, kwa mtu mwema, na sijasikia kilio kutoka ng'ambo. Ila ningependa siku moja mama yangu aende kwa dada yake kwa mlango wa mbele, akiwa bado anaweza kutembea, na asiulizwe madhumuni.

Nisalimie wote mliokaa nao meza kuu, mshereheshaji na koo lake, na yule mama aliyekushikia mwavuli. Kwaya inakusalimu. Mama anasema ukija tena umsogelee, akubariki.

Ni mimi, ndugu yako wa tumbo moja kwa mujibu wa hotuba,

Rubeni Andongwisye

Nyongeza: Nilikuwa sijaifunga bahasha ilipofika habari kutoka Nakonde. Mzee Silwamba, kaka zake wote na wake zao wanakuja kukaa kwangu msimu mzima wa kahawa ili tuufahamu udugu vizuri. Mzee huyu alipata kuja mara moja kabla ya harusi. Alilala kitandani kwangu, akanifundisha kupogoa mibuni ambayo kwao haioti, na kila jioni aliomba ugali uitwe nshima. Kwa hiyo naomba ombi langu la kwanza ulisome kinyume: vizuizi viachwe, vipakwe rangi, na kama waraka umekwisha kuanza safari, mtu auelekeze njia ndefu. Nilikuwa na hakika wangezuiwa kwa kadi za chanjo, lakini hivi ninavyoandika Tabita hayupo nyumbani. Ameacha ujumbe kwamba amekwenda Tunduma kuwapokea nyuma ya nyumba, wawili wawili. Tafadhali, Mheshimiwa, mzibe na huko uani, angalau hadi kahawa iishe.