Malalamiko Dhidi ya Kura ya Mama Mkwe Wangu

Ndugu Msimamizi wa Uchaguzi wa Kata,

Natumaini barua hii inakukuta umeshapumzika baada ya kazi ya kuhesabu. Sisi huku hatujapumzika, na ndiyo maana nakuandikia.

Mimi ni kinyozi, na ni mwanachama wa kufa na kuzikana wa chama kikubwa. Siku ya uchaguzi sikwenda kupiga kura, kwa kuwa chama changu hushinda hata nikiwa nimelala. Mama mkwe wangu, tunayeishi naye, alichukua mkongojo wake akaenda kukipigia chama kile kidogo. Nilimwonya kwa heshima: "Mama, unakwenda kuipoteza kura yako." Akanijibu, "Mwanangu, ya kwako wewe iko wapi?"

Chama chake kilishindwa, tukashangilia. Lakini kura zao zilizidi tulivyozoea, na balaa likaanzia hapo.

1. Diwani wetu, tuliyemjua kwa picha ya ukutani tu, sasa anapita kwa miguu. Alikaa kwenye kiti changu cha kunyolea akaniuliza shida za mtaa. Sikuwa nimejiandaa, nikasema hatuna. Mama mkwe alikuwa dirishani, alizitaja zote.

2. Mtaro umezibuliwa. Dimbwi la mlangoni pangu lilikuwa na faida: waliokwama mvua ikinyesha walinyoa kwa kukosa la kufanya. Leo wanapita na viatu vikavu, wananipungia mkono.

3. Chama changu kimeichukua ahadi ya zahanati kutoka chama kidogo, neno kwa neno, na kinatutaka tuishangilie. Nimeishangilia. Tatizo ni kwamba juzi tu niliiita ndoto za mchana mbele ya wateja, na wateja nao wana masikio hata nikiwa nayanyoa pembeni.

4. Mke wangu, ambaye katika siasa alinifuata kama uzi na sindano, sasa anasema atafikiria kwanza. Ndugu Msimamizi, nyumba yenye watu wawili wanaofikiria, mimi nitakaa wapi?

Kwa hiyo naomba vyama vidogo viendelee kuwepo, ila visipigiwe kura. Ikishindikana, kura zao zihesabiwe kimyakimya, diwani asisikie.

Nisalimie makarani wote, askari wa masanduku, na yule dada wa wino ambaye naambiwa ana mkono mwepesi.

Ni mimi raia mtulivu,
Kinyozi wa kona ya juu

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha, diwani amepita kutuarifu kwamba taa za barabarani zitaanza mtaa wa bondeni, ambako watu walijitokeza kupiga kura, wa chama chetu na wa kile kidogo. Huku kwetu, amesema, ukimwondoa yule mama, hajui kama kuna watu. Tafadhali ichane barua hii, kisha unijulishe uchaguzi ujao vituo vitafunguliwa saa ngapi. Nataka niwe wa kwanza kwenye foleni. Mama mkwe anasema nikuandikie kwamba nitakuwa wa pili.