Jogoo wa Mavuno na Bahasha ya Mabati

Jumapili, 5 Oktoba 2025

Ibada njema. Mchungaji Lakica kahubiri uwakili. Kasema hakuna chetu: nyumba, mshahara, hata sufuria, vyote ni vya Mungu, sisi tumeachiwa tu tuvitunze. Niliitikia amina kwa nguvu hadi mtu wa mbele akageuka. Kisha tangazo. Jumamosi yeye na wazee wa kanisa watapita majumbani waone tunavyotunza. Jumapili ijayo, siku ya Mavuno, atatajwa Wakili Mwema, na huyo atakabidhiwa ufunguo wa stoo ya kanisa.

Ufunguo! Stoo ile ina viti mia mbili, hema na masufuria ya harusi. Hakuna atakayeoa hapa Luzira bila kunisalimia kwanza.

Shida ni Afande Ogwang. Askari magereza, jirani yangu, tena mzee wa kanisa. Ua wake umefagiwa hadi unaogopa kuukanyaga. Anapiga pasi soksi. Nimemwambia mke wangu Nanyama, mama wa Nakhisa wetu aliye shule ya bweni, kwamba mwaka huu Wakili Mwema anatoka nyumba hii. Akasema hata yeye anaona hivyo. Mke mzuri sana.

Jumatatu, 6 Oktoba

Mvua ya alfajiri. Paa linavuja juu ya kitanda, upande wangu. Nyumba hii Nanyama aliachiwa na shangazi yake, na mabati yake yana umri wa shangazi. Kabla sijaenda kazini kanikabidhi bahasha: laki mbili na arobaini, za bati nne na misumari. Kazikusanya tangu Pasaka kwa kuuza mboga ya sukuma anayoipanda kwenye magunia nyuma ya nyumba. Kasema kwa kuwa natunza stoo ya vipuri Kisenyi, na mabati yanauzwa hukohuko, ninunue leo leo. Kaniomba jambo moja tu, nisianze kufikiri.

Nilianza kufikiri kabla sijafika barabarani.

Siku ya Mavuno watu huleta ndizi, mihogo, kuku. Baada ya ibada vyote hupigwa mnada uani na pesa huwa za kanisa. Mwenye kuku mkubwa husemwa mwaka mzima. Basi mimi nitatoa jogoo mkubwa kuliko wote. Kununua sadaka yako mwenyewe ni aibu, kwa hiyo mtu wangu atamnunua kwa bei ya kutupa na kunirudishia kimyakimya. Krismasi namtoa tena. Pasaka tena. Jogoo mmoja, sadaka miaka mitatu! Huo ndio uwakili wenyewe. Hakuna kinachopotea.

Jumanne, 7 Oktoba

Jogoo kapatikana. Mweupe, kifua mbele, miguu ya askari. Elfu hamsini kutoka kwenye bahasha. Atarudi kwa elfu thelathini hivi, itabaki ya bati mbili na nusu. Ile nusu nyingine Mungu anajua.

Nanyama kauliza bati ziko wapi. Nikasema zimeisha madukani, lori limekwama mpakani Malaba. Kauliza jogoo je. Nikasema sadaka. Kamwekea maji.

Jioni nikaandika karatasi kumi na mbili, MALI YA MUNGU kwa herufi kubwa, nikabandika kwenye redio, kabati, jiko, ndoo. Wazee wakiingia watasoma. Nanyama kaomba na yeye aandike moja. Kaandika kwa mwandiko wake wa kulala, kisha kaniomba ile bahasha. Nikaitoa huku nimeibana katikati kwa kidole gumba ili isionekane imekonda. Kaibandika vizuri, kanirudishia, kanitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Alhamisi, 9 Oktoba

Sikukuu ya Uhuru. Nimekutana na Odoch, fundi wa gereji iliyo mkabala na duka letu la vipuri. Kakulia kambi ya askari, hakatai amri. Nimemweleza mpango mara tatu. Nimempa bahasha nzima, laki moja na tisini, asije akaonekana hana kitu mbele ya waumini. Nimemwambia bei yoyote itakayotajwa, jogoo asiondoke. Kanipigia saluti.

Nyumbani Nanyama kauliza habari za lori. Nikasema leo sikukuu, Malaba nako wamepumzika. Ogwang alikuwa juu ya ngazi kwake, anazibua mfereji wa paa. Kamsifu jogoo. Kasema Nanyama kamweleza habari za bati, na zikifika atakuja kugongelea bure. Kisha, kwa upole tu, kasema jana alipita Kisenyi na mabati yalipangwa hadi barabarani. Namchukia mtu huyu.

Jumamosi, 11 Oktoba

Siku ya ukaguzi. Nimesukuma kitanda hadi ukutani, nimevuta kabati chini ya tundu, nimeweka sufuria kubwa juu yake na kuifunika kwa kitambaa cha mezani. Saa nane mbingu safi. Saa tisa Mchungaji Lakica kaingia na Ogwang na Mama Akeyo, yule mwenye sauti ya mnada. Saa tisa na dakika tano, mvua!

Kitambaa kililowa, kikazama. Tone likaanza kulia ndani ya sufuria, tena kwa mdundo. Wote watatu wakatazama juu. Nikasema sisi hapa tunavuna maji ya mvua, baraka ya Mungu hatuiachi iende mtaroni. Mchungaji kaguna. Ogwang katoa daftari, kaandika, kahesabu kitu kwenye dari kwa kidole. Wivu.

Halafu wakamwendea Nanyama. Kawaonyesha magunia yake ya sukuma, mashuka aliyotoa katikati iliyochakaa akaunga kingo, na vumbi la makaa analofinyanga kuwa mabonge ya kupikia. Walikaa naye nusu saa nzima. Nilijaribu kuwarudisha kwenye karatasi zangu lakini zilikuwa zimelowa na kuanguka, isipokuwa ya ndoo.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimekosea tarehe mara mbili. Sijui kwa nini, maana ni furaha.

Jogoo wangu aliingia kanisani nikimbeba kifuani. Watu walinyanyuka kumwona. Mnada ukaanza, Mama Akeyo juu ya benchi. Odoch akasema elfu ishirini. Nikatulia. Ogwang akasema arobaini.

Arobaini! Odoch, hamsini. Ogwang, themanini. Nikamkonyeza Odoch aache. Akaona namhimiza, akapanda laki. Waumini wakaanza kupiga makofi na vigelegele. Nikakohoa, nikajifuta uso kwa leso, nikamkanyaga mtu. Ogwang, laki na themanini na tano, anatabasamu. Odoch akasimama wima, akasema laki moja na tisini, akatia bahasha nzima kwenye kapu la sadaka. Ogwang akaketi.

Odoch kaniletea jogoo mbele ya watu wote, kwa mikono miwili.

"Bosi, ulisema kuku isiende. Kuku haikuenda."

Nikamtazama Nanyama. Yeye alikuwa akilitazama kapu. Bahasha ilikuwa juu kabisa, na mwandiko wake wa kulala unasomeka hadi benchi la tatu. Pesa ya miezi sita, magunia kwa magunia, na mimi nimeshika jogoo. Niliona haya kweli. Kwa dakika nzima, kama si mbili.

Mchungaji akasimama. Kasema Wakili Mwema wa mwaka huu ni Nanyama, anayetunza kidogo alichopewa bila kelele. Kasema tena kwamba jana wazee waliona nyumba yake inavuja, wakaazimia pesa ya mnada ianzie hapo, na Afande Ogwang kapiga hesabu ya bati nne na misumari ikatimia. Ndipo akachukua bahasha ileile kutoka kwenye kapu, akaongezea ya mihogo, akamkabidhi Nanyama pamoja na ufunguo.

Nanyama kaigeuzageuza bahasha. Kaanza kucheka. Kacheka hadi akashika benchi, na kanisa lote likacheka naye bila kujua sababu. Kisha kaniinamia sikioni.

"Baba Nakhisa, safari hii nitaenda mwenyewe."

Jumanne, 14 Oktoba

Kaenda saa mbili. Karudi saa nne na bati nne, misumari, na chenji. Alasiri Ogwang alikuwa juu ya paa na nyundo, mimi chini nimeshika ngazi. Odoch kaja kusaidia, kanipigia saluti. Nanyama kapika chapati na maharage, tumekula uani wote wanne, tukicheka. Ogwang kakiri kwamba hakumtaka jogoo hata kidogo. Nikasema nilijua. Sikujua.

Ijumaa, 17 Oktoba

Mvua kubwa tangu asubuhi. Hakuna hata tone! Nimelala kitandani upande wangu, mkavu, nasikiliza bati mpya zikipigwa. Nanyama anaimba jikoni, ufunguo wa stoo shingoni. Nina furaha hadi nimeimba naye beti mbili.

Nimepitia mambo yote upya kwa utulivu. Nilitoa jogoo, jogoo yupo. Bahasha ilitoka, ikarudi imenenepa. Paa limepatikana. Ufunguo umo humu ndani, kama nilivyotabiri. Sioni mpango wangu ulikosea wapi.

Krismasi kuna mnada mwingine. Ukuta wa jikoni una ufa, mdogo bado, lakini ukiangaliwa vizuri na wazee unaweza kukua. Nimempigia Odoch simu. Nimemwambia ajiandae, bei yoyote. Kilichobaki ni kumwomba Nanyama bahasha.